Kutoka Fundo Hadi «Mingi»: Msamiati wa Wingi Katika Maniema

Katika komini ya Kasuku mjini Kindu, kando ya Mto Lualaba, kama kwingineko mashariki mwa Kongo, kivumishi mingi hufuata karibu kila nomino: batu mingi, vitu mingi, mayai mingi. Mwalimu aliyelelewa katika sarufi sanifu hudai watu wengi na vitu vingi. Dai hilo lina haki yake darasani. Tatizo ni hukumu inayoandamana nalo mara kwa mara, kwamba wasemaji hao wana lugha maskini isiyojua kupambanua idadi. Historia haiiungi mkono hukumu hiyo.

Kiswahili kiliingia Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na wafanyabiashara hao hawakuridhika na makisio. Shanga zilitungwa uzini. Uzi mmoja uliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo. Nguo zilihesabiwa kwa korja, yaani 20. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Tippu Tip, ambaye kituo chake kikuu kilikuwa Kasongo, kusini mwa Kindu, anazitaja kwa kipimo hichohicho katika tawasifu yake. Yafaa kuzingatia kwamba fundo hapa si istilahi ya kufikirika. Ni fundo hasa, lililofungwa kwa mkono, na aliyelitilia shaka aliweza kulifungua akahesabu.

Misemo ya mazungumzo ina tabia nyingine. Chungu nzima, kwa mfano, hudhaniwa na baadhi ya watu kuwa imetokana na chombo cha kupikia. Upatanisho wa kisarufi unakanusha, kwani chombo kingekuwa chungu kizima. Kinachotajwa ni chungu nyingine, yenye maana ya lundo. Ushahidi wote umo katika kiambishi kimoja, na ushahidi wa aina hiyo ndio unaofifia pale upatanisho unapolegea, kama ulivyolegea Kongo. Hasara hiyo, hata hivyo, ni ya mwanaisimu. Mnunuzi wa Kindu haipati: akiambiwa sokoni kwamba mihogo ni mingi, bado huinama penye fungu na kuhesabu kabla ya kutoa fedha.