Winchester 1894: bunduki ya vichakani

Wenzo ulio chini ya kifyatulio cha bunduki hii ukisukumwa chini na kurudishwa, ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia. Mwindaji hupiga tena bila kuishusha bunduki begani.

Iliyoibuni ni akili ya John Browning. Risasi maarufu ya bunduki hii, .30-30, ilitoka 1895 ikiwa na baruti isiyotoa moshi. Kwenye misitu minene ya mashariki mwa Marekani, kulungu hujitokeza ghafla, tena karibu. Hapo wepesi wa bunduki una faida zaidi kuliko masafa marefu, na .30-30 inamtosha kulungu kabisa.

Tazama vichwa vya risasi hizi: ni butu. Hupangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Ncha kali ingeweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele na kuilipua.

Kwa mnyama mkubwa na mkali, .30-30 ni ndogo mno. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, alibeba Winchester 1895 ya risasi .405, yenye kisanduku cha risasi badala ya bomba. Ndiyo aliyoipendelea kwa simba.