Unasihi: jina la kazi na rafu ya vitabu vyake

Neno "ushauri nasaha" limeingia kanisani likitokea hospitalini. Waliolizoesha masikio ya Watanzania si wachungaji, ni watu wa afya waliokuwa wakipambana na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Vituo vya kupima VVU vya ANGAZA, vya shirika la AMREF, vikaanza kazi mwaka 2001. Na tarehe 14 Julai 2007, Rais Kikwete alipopima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa, hakukuwa tena na haja ya kumweleza mtu maana ya ushauri nasaha. Ilikuwa hatua mojawapo ya kupima: chumba kidogo, mlango umefungwa, mazungumzo kabla ya damu kutolewa na mazungumzo mengine majibu yakishatoka. Kutoka hapo neno likahamia shuleni, likaingia kwenye ndoa, na mwisho likakaa katika masomo ya vyuo vya theolojia, kikiwemo kile cha Waanglikana kilichopo Msalato, kwenye barabara itokayo Dodoma kwenda Arusha. Mchungaji anayehitimu humo na kuuliza asome vitabu gani ili awasaidie watu vizuri, lazima kwanza aulizwe naye: uwasaidie kama nani? Jina atakaloipa kazi hiyo ndilo litakaloamua rafu atakayoiendea. Nionavyo, jina hilo liwe "unasihi", bila "ushauri" mbele yake, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hilo linalopaswa kuondoka. "Shauri" katika Kiswahili ni neno lenye mzigo mzito. Ni jambo lililo mbele ya wazee likisubiri kuamuliwa. Ni kesi iliyo mahakamani. Ni mpango wa Mwenyezi tusioweza kuupinga, ndiyo maana msiba huitwa shauri la Mungu. Na mtu akikuambia "shauri yako", amekunawia mikono. Mshauri, basi, ni mtu wa maamuzi. Rais ana washauri, kampuni ina mshauri wa kisheria, mradi wa barabara una mshauri mwelekezi, na wote hao hulipwa ili waseme lipi lifanyike. Muumini akiambiwa aende kwa mshauri, huenda akitarajia hukumu: nimwache mume huyu au nisimwache, nigawe shamba au nisigawe. Mchungaji naye, akiwa ameitwa mshauri, huona aibu kumwacha mtu aondoke bila jibu. Hapo mazungumzo yanageuka baraza. Wataalamu waliomfuata Carl Rogers, ambaye kitabu chake cha mwaka 1942 kilibadili fani hii huko Marekani, walisisitiza kuwa mzungumzaji mkuu ni yule mwenye shida, na kwamba msaidizi asimwamulie. Mtu anaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini hawezi kuifundisha kwa neno "ushauri" bila kila mara kuongeza maelezo ya kulikanusha neno lenyewe. Istilahi inayohitaji kukanushwa kila inapotumika imeshindwa kazi.

Wapo wanaosema kanisa halina haja ya kuazima neno lolote, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili imeshatoa lake: kuonya. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Jay Adams, mchungaji Mmarekani aliyeandika Competent to Counsel mwaka 1970 na kuanzisha mkondo uitwao leo ushauri wa Kibiblia, aliijenga fani yake yote juu ya kitenzi cha Kigiriki noutheteo, anachokitumia Paulo katika Warumi 15:14 na Wakolosai 3:16. Toleo la Muungano la mwaka 1952 linakitafsiri kitenzi hicho kwa kuonya. Na tukichimba, tunakuta watafsiri hawakubahatisha. Noutheteo kwa asili ni kuweka jambo katika akili ya mtu. Onya nayo ni tendo la kusababisha lililozaliwa na ona, kama ponya ilivyozaliwa na pona: kumfanya mtu aone. Ni vigumu kupata ulinganifu mzuri kuliko huo kati ya lugha mbili zisizo na undugu wowote.

Tatizo ni kwamba maneno hayakai pale yalipozaliwa. Leo onyo ni barua ya mwajiri, tena huwa la kwanza, la pili na la mwisho. Ni kadi ya njano. Ni kauli ya mkuu wa wilaya kwa wafanyabiashara. Asikiaye "njoo nikuonye" hasikii tena ndani yake mtu anayetaka kumfungua macho, anasikia fimbo. Paulo mwenyewe hakulitumia neno hilo peke yake: katika 1 Wathesalonike 5:14 anawagawia wasio na utaratibu maonyo, lakini waliokata tamaa anataka watiwe moyo na wanyonge washikwe mkono. Jina la kazi nzima haliwezi kuchukuliwa kutoka katika fungu moja kati ya hayo, na wakosoaji wa Adams, hata wale wa nyumbani mwake, walimwambia jambo linalofanana na hilo. David Powlison, aliyeandika historia ya mkondo huo, alitumia miaka mingi kuupanua ili uwe na nafasi ya mtu anayeteseka, si anayetenda dhambi tu.

Nasaha hubeba vyote viwili. Mwenye nasaha anaweza kukukemea, na anaweza kukufariji. Kinachohakikishwa na neno lenyewe ni kwamba anakutakia mema. Wanaleksikografia wa Kiarabu, ambako neno limetoka, huihusisha mizizi yake na asali iliyochujwa nta, na pia na kushona kwa sindano. Kuchuja na kushona: kumwambia mtu neno lisilo na uchafu wa masilahi yako, na kuunganisha kilichochanika. Nathani alipomwendea Daudi baada ya mauti ya Uria (2 Samweli 12) hakutoa ushauri, wala hakuanza kwa onyo. Alisimulia habari za maskini na mwanakondoo wake mmoja, akamwacha mfalme ajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Katika nchi ya Wagogo, ambako mtu anaijua mifugo yake mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, hadithi ile haihitaji maelezo. Kwa kitendo hicho Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha, nacho ni kunasihi.

Pingamizi la kwanza litakuja haraka: nasaha ni neno la Waislamu, na hadithi mashuhuri ya Mtume inaifanya dini yenyewe kuwa nasaha. Ni kweli. Lakini anayekataa neno kwa sababu hiyo ajiandae kuacha pia imani, dhambi, toba, sala, sadaka na injili, maneno ambayo Mkristo wa Dodoma huyatamka kila Jumapili bila kuyauliza pasipoti. Hata "kasisi" limepitia njia hiyo hiyo. Kanisa la Kiswahili lilijengwa kwa mbao zilizokwisha kuletwa pwani na wengine, na hakuna ubaya wowote. Kwa hakika ni faida, maana muumini wa Msalato ana jirani Mwislamu, na wote wawili watafahamu mnasihi ni mtu wa namna gani kabla hajafungua mdomo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Likiachwa lilivyo, neno "unasihi" halisemi ni la kanisa. Hapo ndipo kivumishi kinapohitajika, na hapo ndipo Kiswahili chetu kimekuwa kizembe. "Ushauri wa kichungaji" na "ushauri wa Kibiblia" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali vina nasaba tofauti na ugomvi wa muda mrefu. Wa kwanza, kama ulivyokua Marekani katika karne ya 20 kupitia watu kama Anton Boisen na Seward Hiltner, ulimpeleka mwanafunzi wa theolojia wodini akajifunze kwa wagonjwa na kuzungumza na saikolojia. Wa pili ulizaliwa kama upinzani dhidi ya huo: Adams aliona wachungaji wamemkabidhi mtaalamu kazi ambayo Mungu aliwapa wao. Msomaji anayeokota kitabu chenye neno "ushauri" kwenye jalada hajui kimetoka nyumba ipi, na anaweza kusoma viwili vinavyopingana akidhani vinakamilishana. Napendekeza "unasihi wa kichungaji" kwa mkondo ule mpana na "unasihi wa Maandiko" kwa mkondo wa Adams na warithi wake. Tofauti ya maneno mawili inatosha kumfanya mtu aulize anasoma nini.

Asome nini, basi? Rafu ya mnasihi isianze mwaka 1970, wala 1942. Ianze na Zaburi na Ayubu, na hasa marafiki wa Ayubu, waliofanya vizuri siku saba walipokaa kimya na kuharibu kila kitu walipoanza kutoa ushauri. Kisha ije Regula Pastoralis ya Gregori Mkuu, iliyoandikwa Roma karibu mwaka 590. Sehemu yake ya tatu ni orodha ndefu ya watu wawili wawili: maskini na tajiri, mwenye furaha na mwenye huzuni, mtumwa na bwana, anayeililia dhambi yake bila kuiacha na anayeiacha bila kuililia. Kila mmoja, asema Gregori, anenewe kwa namna yake, na Nathani ndiye mfano wake wa kumfikia mkubwa asiyeambilika. Sijui kitabu kingine cha zamani kinachomfaa zaidi kasisi wa kijijini.

Kitabu hicho kina historia inayotuhusu kwa njia nyingine. Mwishoni mwa karne ya 9 Mfalme Alfred aliona kwamba kwa Waingereza wenzake Kilatini kilikuwa kimekufa: makasisi waliendesha ibada kwa lugha wasiyoielewa, vitabu vimejaa na hakuna wa kuvisoma. Akakitafsiri kitabu cha Gregori kwa lugha ya nyumbani, akakiita kwa lugha hiyo "Kitabu cha Mchungaji", akapeleka nakala kwa kila jimbo la askofu katika ufalme wake. Kiingereza, ambacho leo tunakiona kama chemchemi ya istilahi zote, kilikuwa siku hizo lugha changa ikihangaika kumtafutia mchungaji maneno. Anayesema mwanafunzi wa theolojia husoma Kiingereza na kwa hiyo hahitaji tafsiri, ajibu hoja ya Alfred. Mwanafunzi anasoma kwa lugha moja, lakini mjane atakayeketi naye chini ya mwembe hakuzungumza na Hiltner. Istilahi isipotengenezwa darasani, itatengenezwa papo hapo mbele ya machozi, na mara nyingi itatoka vibaya. Dodoma ina bahati ya kuwa na Central Tanganyika Press, nyumba ya vitabu vya Kikristo kwa Kiswahili. Mahali pa kuchapia pangekuwepo.

Waliobaki nawataja haraka. Richard Baxter, aliyeandika mwaka 1656 kutokana na kazi ya kuzungumza na familia moja moja huko Kidderminster. Dietrich Bonhoeffer, ambaye kitabu chake kidogo cha mwaka 1939 kuhusu maisha ya pamoja kinaweka huduma ya kusikiliza kabla ya huduma ya kusema. Mwanasaikolojia Mkenya Gladys Mwiti, aliyeandika pamoja na Al Dueck juu ya unasihi wa Kikristo kwa mtazamo wa Kiafrika, na anayepaswa kusomwa mapema, si mwishoni kama nyongeza. Na ningemweka hapo Mwana Kupona wa Pate, ingawa hakuwa Mkristo: utenzi aliomtungia bintiye karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, unaonyesha namna neno zito linavyosemwa kwa upendo katika Kiswahili. Nafasi ya mke katika utenzi ule itamkera msomaji wa leo. Akereke, lakini asikilize sauti.

Linabaki pingamizi la mji wenyewe. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na jina hilo limekuwa mzaha nchi nzima: mtu akitenda kituko huambiwa apelekwe Mirembe. Je, kumpa mchungaji jina la mnasihi si kumhimiza aombee kwa miezi kile kinachohitaji dawa? Hatari ipo, na Adams alichangia kuikuza kwa jinsi alivyowatilia shaka madaktari wa akili. Lakini jina la sasa ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu "mshauri nasaha" wa kanisani na wa hospitalini wanaitwa jina moja, na familia haioni sababu ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mnasihi wa kichungaji, kwa jina lake, ana mpaka. Mtu asiyelala kwa wiki, anayesikia sauti zikimwamuru, si wa kunasihiwa kwanza. Ni wa kupelekwa, na mnasihi aende naye mpaka mlangoni, tena ikiwezekana ampinge hadharani anayefanya jina la hospitali ile kuwa tusi.

Na yule anayenasihiwa aitweje? Hospitali humwita "mteja", neno ambalo kampuni za simu hulitumia pia, na kanisa haliwezi kulichukua bila kujigeuza duka. "Mnasihiwa" ni sahihi kisarufi lakini linaumiza ulimi. Wana wa Uamsho, vuguvugu lililotoka Rwanda na kuenea Afrika Mashariki, na ambalo Festo Kivengere wa Uganda alikuja nalo Dodoma miaka ya 1940 alipofundisha shule, walilitatua swali hili bila kamati ya istilahi. Katika ushirika wao aliyetubu na aliyemsikiliza waliitwa kwa neno moja, ndugu, na wiki iliyofuata waliweza kubadilishana viti. Paulo katika Warumi 15:14 hasemi na wachungaji peke yao, anasema na kanisa zima, na kitenzi chake kinahusu watu wanaotendeana. Kiswahili kinacho hicho nacho: kunasihiana.