Gesi iliyotufikisha zinakozaliwa sayari

Mwaka 2014 mitambo ya darubini ya ALMA, huko Chile, ilitoa picha ya HL Tauri, nyota changa iliyozungukwa na sahani ya gesi na vumbi yenye pete zinazong'aa. Picha ile ilistahili sifa zote ilizopata. Hata hivyo, sehemu inayotuhusu zaidi sisi wakazi wa sayari ya mawe, yenye upana kama wa njia ya Dunia kulizunguka Jua, ilikuwa imezama katika doa la katikati. Habari za sehemu kama hizo tulianza kuzipata miaka 35 kabla, kwa kuchambua mwanga wa gesi.

Mwaka 1979 Nick Scoville na wenzake walinasa, katika kundinyota la Jabari, mwanga wa infraredi wa kaboni monoksidi yenye joto la maelfu ya nyuzi, karibu kabisa na nyota changa. Baadaye John Carr na Joan Najita, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba kwa baadhi ya nyota gesi hiyo imo ndani ya sahani. Ushahidi ulikuwa kwenye mistari ya spektra, yaani rangi mahususi ambazo gesi hutoa. Sahani inapozunguka, gesi ya upande mmoja hutujia na ya upande wa pili hutukimbia, hivyo rangi ya mwanga wake husogea kidogo huku na huku, na mstari hutanuka. Upana wake hutaja kasi, na kasi hutaja umbali. Kwa nyota yenye uzito wa Jua, gesi iendayo kilomita 30 kwa sekunde iko mbali na nyota yake kama Dunia ilivyo mbali na Jua. Iendayo mbio zaidi iko karibu zaidi.

Mwaka 2008 ukaja ugunduzi mkubwa. Kwa darubini ya anga ya Spitzer, Carr na Najita waliichunguza nyota changa AA Tauri wakakuta mvuke wa maji, asetilini, sianidi ya hidrojeni na hewa ya ukaa, katika eneo zinamoumbika sayari za mawe.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona mvuke wa maji karibu na PDS 70, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 370 hivi, ambayo tayari ina sayari mbili kubwa zinazoendelea kukua. Sayari ya mawe ikijijenga hapo, itakuwa na maji jirani tangu mwanzo, bila kusubiri yaletwe na nyotamkia. Asili ya maji ya Dunia bado inabishaniwa, na gesi hii imeingiza hoja nzito. Kwa hiyo wanaogawa fedha za darubini wasizipime darubini hizo kwa uzuri wa picha peke yake. Vyombo vya kuchambua mwanga vinastahili fungu lile lile.