Msanifu majengo: Uliza cheti kabla ya ramani

Wengi wanaojenga nyumba nchini Kenya hununua ramani kwa mchoraji wa mtaani kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hata hivyo, chini ya Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, ni aliyesajiliwa pekee anayeruhusiwa kujiita msanifu majengo, na jina lake huthibitishwa kwa bodi ya usajili, BORAQS. Ramani isiyo na sahihi yake huweza kukwama katika ofisi za kaunti.

Cheti pekee hakitoshi. Mwenye ploti azuru nyumba alizosanifu mtaalamu huyo, awaulize wanaoishi humo kuhusu joto, mvua na gharama. Mkataba uandikwe, ukitaja atakagua ujenzi mara ngapi. Hapo ndipo wengi hupunjwa. Nguzo na vyuma ni kazi ya mhandisi.