Dzaleka: Lugha, Redio na Haki ya Kupata Habari

Msomaji anayejua Kinyarwanda au Kirundi hatapata shida na jina la Dzaleka. Ndani yake mna mzizi -leka, yaani kuacha, ambao Wanyarwanda hutamka kureka. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa "sitarudia tena", na lililifaa gereza. Kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali hapa katika wilaya ya Dowa, kilometa arobaini na kitu kutoka Lilongwe, palifungiwa wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Watu waliletwa hapa wanyamazishwe. Siku hizi kuna redio.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Tangu 1964 Malawi ilikuwa na redio moja tu, MBC, nayo ilikuwa sauti ya serikali. Mwaka 1968 yalifanyika mambo mawili ambayo sisi walimu wa lugha tunapaswa kuyatazama pamoja: ilitungwa sheria kali ya kudhibiti machapisho, na Kichewa kikafanywa lugha ya taifa. Kitumbuka, lugha ya watu wengi wa kaskazini, kikaondolewa redioni. Mara nyingi tunafundisha sera ya lugha kana kwamba ni suala la umoja wa kitaifa peke yake. Kwa msikilizaji wa Mzuzu au Rumphi ilikuwa pia suala la kunyimwa habari katika lugha ya mama. Hata wanaisimu hawakusalimika. Jack Mapanje, mshairi na mhadhiri wa Chuo cha Chancellor, alikamatwa 1987 akafungwa Mikuyu hadi 1991 bila ya kufikishwa mahakamani.

Ukimya ulivunjwa na barua. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu wa Kikatoliki walitoa waraka wa Kwaresima uliosomwa makanisani nchi nzima, ukitaja wazi umaskini, ufisadi na woga. Serikali iliupiga marufuku, na kiwanda cha uchapaji cha kanisa huko Balaka kilichomwa moto mwaka huohuo. Lakini nakala zilikwisha kutawanyika, nyingine zikipita kwa faksi. Katika kura ya maoni ya Juni 1993 wananchi walichagua mfumo wa vyama vingi, na magazeti yakachipuka kama uyoga baada ya mvua. Mengi yalikufa upesi. The Nation, lililoanzishwa mwaka huohuo, bado lipo. Mwaka 1994 Kitumbuka kilirudi hewani, na mwaka 2005 kituo binafsi cha Zodiak kilianza matangazo Lilongwe. Njia haikunyooka, kwani mwaka 2011 sheria ya jinai ilirekebishwa ili waziri aweze kufungia gazeti, na kifungu hicho kikafutwa 2012.

Mwaka uleule wa 1994 ndipo wakimbizi walipoanza kupelekwa Dzaleka, na baadhi ya waliofika walitoka Rwanda. Hawa walikuwa na somo jingine kabisa kuhusu redio. RTLM, kituo cha binafsi, kilikuwa kimetumia mwaka huo kuwataja watu kwa majina ili wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waliohusika nacho. Kwa hiyo redio kutokuwa ya serikali si dhamana ya lolote. Msikilizaji lazima ajue nani anasema, amejuaje na anataka nini. Mfano wa upande mwingine ni Redio Kwizera ya Ngara, Tanzania, iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi hao hao wa Maziwa Makuu.

Dzaleka ilikusudiwa kupokea watu wapatao elfu kumi. Sasa wamezidi elfu hamsini. Wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao. Majina yenyewe yanashuhudia: tamasha la Tumaini lililoanza 2014, na redio ya jamii iitwayo Yetu, ambayo wakati wa UVIKO-19 ilikuwa ikiwaeleza wakimbizi na wenyeji wa jirani habari za ugonjwa huo.

Je, redio ya namna hii ni huru? Kwa maoni yangu, nusu tu. Fedha hutoka kwa wafadhili, na wasikilizaji wake wengi hawana ruhusa ya kisheria kuishi wanapotaka wala kuajiriwa kwa urahisi, maana Malawi iliweka masharti yake ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mei 2023 serikali ilipoanza kuwakamata wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine ili kuwarudisha kambini, kujua amri inasema nini hasa, inamhusu nani na tangu lini kulikuwa jambo la kunusuru duka na masomo ya watoto. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, tangazo lilitolewa kwa Kiingereza cha kisheria. Mtu aliyesubiri miaka mingi alihitaji kuelezwa tofauti ya "kusimamishwa" na "kufutwa", na kwa Kiswahili anachokielewa, kile cha Bukavu na Uvira ambacho husema "batu" pale sisi tunaposahihisha kwa wino mwekundu.