Furu mwekundu mwenye jina la Mwalimu: alivyotoka ziwani kwetu akaingia kwenye matangi ya vioo

Hivi karibuni nilipigiwa simu na mwenye nyumba ya wageni mjini Bukoba. Anataka tangi la kioo mapokezi, na ndani yake anataka kangaja wa buluu aliyemwona kwenye picha. Nikamweleza ukweli. Kangaja ni samaki wa bahari: maji yake ni ya chumvi inayopimwa kila mara, akipata mshtuko kidogo anashikwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe, na pembeni mwa mkia ana wembe anaoutumia kumkata mwenzake anayeingia eneo lake. Tena kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000.

"Sasa mtaalamu, sisi hatuna wetu?" akauliza.

Tunaye. Anapendeza vilevile, ni mkorofi vilevile, na kwa mtu asiyemjua anakufa upesi vilevile. Ni furu. Nimeamua kuandika historia yake kabla ya maelekezo ya kumtunza, kwa kuwa makosa mengi tunayoyafanya ndani ya tangi yalishafanyika ndani ya Ziwa Victoria, kwa ukubwa zaidi.

Wazee wa Bukoba na Muleba wanamjua furu kama samaki mdogo, wengi wao hawapiti urefu wa kiganja, wenye miiba mingi. Majirani zetu Waganda wanamwita nkejje, na kwa desturi yao akikaushwa humpa mtoto mwenye surua au aliyedhoofika. Hakuwa samaki wa mezani kwa mgeni. Mgeni alipewa ngege. Lakini ziwani furu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba: utafiti wa nyavu za kukokota uliofanyika karibu na 1970 ulikuta kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ulikuwa furu. Aina zake zinakadiriwa kufikia 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Kuna wanaokula mwani, wanaovunja konokono, wanaokula wadudu, hata wanaonyonya mayai na makinda kutoka kinywani mwa mama wa wenzao.

Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliwaona kama takataka. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mlete samaki mkubwa, awale hawa wadogo, nasi tumle yeye. Onyo lilikuwepo mapema. Michael Graham, aliyepima uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, aliandika kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa. Hata hivyo, mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert waliingizwa upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine.

Kwa zaidi ya miaka 20 mambo yalionekana shwari. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi Mwanza, akiwemo Frans Witte. Walikuja kujua furu ni wa aina ngapi na wavuliwe vipi. Kabla hawajamaliza kuwahesabu, sangara alilipuka. Katikati ya miaka ya 1980 nyavu zilizokuwa zikileta furu kwa tani katika Ghuba ya Mwanza zikawa zinaleta sangara. Mwaka 1992 Witte na wenzake walikadiria kuwa aina zipatazo 200 zimetoweka au ziko ukingoni.

Katikati ya msiba huo, mwaka 1985, Els Witte-Maas na Frans Witte walichapisha maelezo ya furu mmoja mdogo wa kwenye miamba. Dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto, ubavu wa njano na mistari myeusi iliyosimama. Wakampa jina Haplochromis nyererei, kumheshimu Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka huohuo alikuwa akitoka Ikulu. Huyu hakutoweka, maana sangara hawindi vizuri kwenye mapango ya mawe. Baadaye, mwaka 1998, yeye na ndugu zake wakawekwa kwenye kundi lililopewa jina la Pundamilia, kwa ajili ya ile mistari.

Simlaumu sangara kwa kila kitu. Amesomesha watoto wengi wa Bumbire na Kemondo, na ofisi yangu nayo inaishi kwa uvuvi wake. Lakini mtu asikwambie kwamba hakuna kilicholipwa.

Waholanzi waliwasafirisha furu hai hadi Leiden, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hifadhi za samaki za Marekani zikaanza mpango wa kuwazalisha ili mbegu isipotee. Watu binafsi wa Ulaya na Marekani nao wakawapenda. Ndiyo maana leo mtoto wa huko anaweza kumjua furu mwenye jina la Mwalimu, wakati wa kwetu hajawahi kumwona. Huko kwenye vioo ndiko tabia zake zilikojulikana vizuri.

Jambo la kwanza ni ugomvi. Dume hulinda eneo, na humshambulia zaidi dume wa rangi yake kuliko wa rangi nyingine. Hili watafiti wamelipima, na hata ziwani madume majirani mara nyingi huwa wa rangi tofauti. Mimi nililijua kwa hasara. Niliweka madume wawili wekundu kwenye tangi la lita 80. Asubuhi ya tatu mmoja alikuwa akielea, mapezi yamechanika. Chukua tangi la lita 200 au zaidi, dume mmoja wa kila rangi, majike wanne au watano kwa kila dume. Panga mawe hadi karibu na juu, yawe na mianya mingi, ili anayefukuzwa apate pa kujificha na asionekane kutoka kila upande. Mawe yakae imara juu ya sakafu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, maana furu huchimba.

La pili ni chakula. Maini na nyama ya ng'ombe ni sumu ya polepole: tumbo linavimba, samaki anaacha kula, na baada ya siku chache humwoni. Mpe kidogo mara mbili kwa siku, chakula chenye mwani na wadudu wadogo. Dagaa wa kusaga ni wa mara mojamoja tu.

La tatu ni maji, na hapa rudi tena ziwani. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapochafuka kwa mbolea na udongo, mwanga hupungua, rangi za madume hufifia, na majike hushindwa kumtambua dume wa aina yao. Aina zinachanganyika hadi zinapotea, bila sangara kumeza hata mmoja. Kwenye tangi ni vivyo hivyo. Badilisha robo ya maji kila wiki, joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo tafuta pampu ndogo ya hewa yenye betri. Usichanganye majike wa aina mbili zinazofanana, hata kama muuzaji amekuhakikishia. Ukimwona jike amevimba kidevu na hali chakula, usimtibu. Amebeba mayai kinywani, na atayatunza kwa wiki tatu hivi.

Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza swali la mwisho: wakizaliana wengi, awamwage bwawani kwa mjomba wake Muleba? Hapana. Wala Ikimba, wala Burigi, wala hata ziwani hapa Bukoba, maana furu wa miamba ya Mwanza si wa miamba ya kwetu. Aina nyingi hukaa kwenye visiwa vichache tu. Kuhamisha samaki hai na kuwauza nje kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, kwa hiyo pita ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kununua, si baada ya kununua. Wakizidi, mpe mfugaji mwingine mwenye tangi.

Ameshaagiza kioo. Juma lijalo nakwenda kumsaidia kupanga mawe, na mawe tutayachukua ufukweni, tutayachemsha kwanza.