Kromosomu ya 8, kromosomu ya 14 na watoto wa Mulago

Wiki hii kwenye baiolojia tumefika makosa ya kromosomu. Wengi tumekariri ile ya 21: kromosomu zinashindwa kuachana yai linapotengenezwa, mtoto anazaliwa na 47 badala ya 46. Sawa, mtihani utapita. Ila kuna kosa jingine ambalo historia yake imeanzia hapahapa kwetu Afrika Mashariki, na sisi tunaoenda kushika chaki inatuhusu sana.

Turudi Kampala mwaka 1957. Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja mwenye hali hiyohiyo. Jamaa akaanza kufukua mafaili, na 1958 akaandika makala. Mwaka 1961, mwaka ule tunapata uhuru, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu, wakaendesha kama maili 10,000 toka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika. Kila hospitali swali ni lilelile: watoto wa namna hii mnao? Ramani ikajichora yenyewe. Kwenye joto na mvua wapo, kwenye nyanda za baridi hawapo. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulifuatana na malaria.

Mwaka 1964 uvimbe uliotumwa London toka Uganda ukaonyesha virusi vipya, Epstein-Barr. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu anavyo na haumwi. Kwa nini basi huyu avimbe? Mwaka 1972 huko Sweden, Manolov na Manolova wakaona kromosomu ya 14 ya seli za uvimbe ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 ikajulikana kimetoka kwenye ya 8. Mwaka 1982 ikajulikana kimebeba nini: jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike.

Inakuwaje? Chembe za damu zinazotengeneza kingamwili hukata na kuunga DNA yake, kama fundi cherehani anavyopunguza na kushona upya. Ndiyo kazi yake. Malaria ikimrudia mtoto kila mara, chembe hizo hugawanyika kupita kiasi, na siku moja mkato unashonwa pasipo pake. MYC inatua jirani na jeni ya kingamwili ambayo hailali, nayo haizimiki tena. Kila mgawanyiko unarithisha kosa, na uvimbe unaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Hata sisi Tanzania tumo. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini kuona kama ugonjwa utapungua. Ulipungua, ila ulikuwa umeanza kushuka kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikunyooka.

Sasa kwa nini nayaandika haya? Huku Wazo mtoto akivimba taya utasikia ni jino. Jino likishang'olewa na uvimbe upo palepale, utasikia karogwa. Halafu wanahamia kwenye ukoo wa mama yake. Jamani! Kosa la 21 mara nyingi huanzia kwenye yai. Hili la 8 na 14 hutokea mtoto akiwa keshazaliwa, katika seli moja tu ya damu. Hakurithi kwa mama, wala hatawarithisha wanawe. Hapo hakuna laana wala mkosi wa ukoo.

Na linatibika. Miaka ya 1960 hukohuko Kampala dawa za saratani ziliyeyusha uvimbe na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Leo Muhimbili wanatibu saratani za watoto. Kwa uvimbe unaokua kwa kasi hiyo, wiki mbili za kutafuta mchawi ni nyingi mno. Mwalimu akilijua hilo anaweza kumwambia mzazi mapema: mama, usingoje, mpeleke hospitali leo.

Haya, narudi kwenye msuli. Tuonane wiki ijayo.